Nguo za Ndani za Mzamiaji

Katika wateja wangu wote, aliyekuwa mgumu kupita kiasi hakuwa mwanamke. Alikuwa mwanamume wa makamo aliyenunua nguo za ndani tu, tena za baridi, hapa Tabora ambako mtu hununua sweta moja na kulivaa mpaka liishe viwiko. Alikuja kwenye meza yangu ya mitumba kwa miaka kumi na moja. Sokoni wote tulimwita Mzamiaji, kwa kuwa ndiyo kazi aliyofanya: kushuka chini ya bwawa linaloleta maji mjini na kusafisha wavu wa chuma kwenye mdomo wa bomba kubwa, mahali ambapo magugu, matope na mifuko ya watu wasio na adabu hukusanyika. Jina lake sitaliandika. Lakini jambo ambalo mwingine angelificha mpaka mwisho nalisema sasa hivi. Mimi ndiye niliyemuuzia nguo iliyomponza, nilijua ninachomuuzia, na kwa miaka mitatu nilimtazama usoni bila kumwambia. Nimechoka kulibeba, na ndiyo sababu ya kuandika.

Mgeni atauliza, baridi gani ya Tabora? Mzamiaji aliulizwa hivyo kila mwaka na hakuwahi kuzoea.

"Asubuhi ya mwezi wa sita," alikuwa akijibu, "tia mkono kwenye mtungi wa maji mpaka kiwiko. Uuache humo tangu kengele ya kwanza ya kanisa mpaka watu watoke ibadani. Halafu ndiyo uje uniulize baridi gani."

Chini ya bwawa jua halifiki. Yeye alikaa huko saa mbili, wakati mwingine tatu, akivuta hewa kwa mpira uliotoka kwenye pampu iliyokuwa juu, amefungwa kamba kiunoni. Ukingoni alikaa mshika kamba wake, bwana mmoja mnene, mpole, jirani yangu kule mtaani Cheyo. Habari nyingi za majini nilizipata kwake, maana Mzamiaji mwenyewe alipenda kuzungumza juu ya nguo, si juu ya maji.

Suti ya kuzamia aliachiwa na fundi mgeni aliyekuja kutengeneza mlango wa bwawa kisha akarudi kwao. Ilikuwa ya mpira mzito mweusi, imebana shingoni na kwenye vifundo vya mikono, haipitishi tone. Kichwa na viganja tu ndivyo vilivyobaki wazi. Watu walidhani suti ile ndiyo iliyompa joto, na mimi nilidhani hivyo hivyo mpaka aliponikemea.

"Suti ni mlango tu, binti yangu. Inamzuia mgeni asiingie. Moto wa ndani ya nyumba unauwasha mwenyewe."

Moto huo ni mwili wa mtu, na kinachoutunza ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi za nguo za ndani. Nguo ikiwa mbaya, suti nzima ni mzigo wa bure. Kwa hiyo suti hakuizungumzia sana. Alihangaika na nguo za ndani, na katika kuhangaika huko akanihangaisha na mimi.

Siku ya kufungua belo jipya la mitumba alikuwa wa kwanza kufika. Wenzake walikimbilia jinzi na makoti. Yeye aliinama chini ya meza, kwenye lundo la vitu nilivyokuwa nikiwagawia watu kama madekio: fulana ndefu za sufu, suruali za ndani zinazofika kwenye vifundo vya miguu, soksi nene zisizo na wenzao. Akipata nguo aliiweka mdomoni na kupuliza. Pumzi ikipita yote, aliitupa. Kisha aliipitisha shavuni, macho kayafumba, na wanawake waliokuwa wakichagua blauzi walicheka mpaka wakashika mbavu. Hakuwajali. Alichomoa uzi mmoja kwenye pindo, akauchoma kwa kiberiti, akanusa. Ukitoa harufu ya nywele zilizoungua, ni sufu. Ukinuka karatasi, ni pamba. Ukiyeyuka na kuwa kidonge cheusi, ni plastiki, ambayo hakuichukia. Ila alisema ile nene yenye manyoya inamfanya aelee, na inabidi aongeze vipande vya madini ya risasi kwenye mkanda wa kumzamisha, na mgongo wake ulikuwa umekwisha kuzeeka.

Mwisho aliivaa juu ya nguo zake mbele ya soko zima. Akachuchumaa. Akanyoosha mikono juu. Akapeleka mkono nyuma ya shingo.

"Ikinivuta kwapani hapa," alisema, "kule chini itaninyima mkono."

Alipenda nguo mbili nyembamba kuliko moja nene. Vifungo na mifuko aliviondoa vyote, na nguo aliivaa mishono ikiwa nje, kwa sababu maji yanaikandamiza suti mwilini na kila mkunjo unafinya. Aliwahi kunionyesha alama nyekundu ubavuni, ndefu, zilizoachwa na pindo la fulana. Lebo ndiyo aliyoichukia kuliko yote, ile ya nyuma ya shingo. Nilizoea kumkatia lebo kabla hajafika, nikaona ni heshima kwa mteja wa siku nyingi.

Kulikuwa na mambo yake yasiyoshikamana. Hakujua kuogelea. Nilipolisikia hilo kwa mshika kamba nilikataa, nikamuuliza mwenyewe.

"Kuogelea ni kwa wanaotaka kubaki juu," akasema. "Mimi nalipwa kushuka."

Mtu huyu aliyeshinda majini alikimbia manyunyu. Wingu likitanda alifunga mazungumzo katikati ya neno na kuondoka upesi kwa miguu yake mirefu. Nyumbani hakuoga maji ambayo hayajachemka. Alikuwa na majivuno ya viatu, vimepigwa rangi hata wakati wa vumbi, na masharubu aliyoyachonga kwa wembe. Lakini mtu huyo huyo alinunua taiti za sufu za kike zenye maua magotini, akazikunja vizuri na kuzibeba mkononi bila mfuko. Nilimtania kwamba mkewe ataleta kesi. "Samaki hawatazami maua," akanijibu, wala hakutabasamu.

Alikuwa mkali wa kupunguza bei, na nilipokataa alinuna siku nzima. Ila alikuwa na jambo moja lililonifanya nisimfukuze. Akimwona mama mwenye mtoto mchanga anachagua kiblanketi, alimwendea, tena kwa upole ambao mimi sikuwahi kuupata.

"Mama, samahani. Hicho ni pamba. Mtoto akikojoa kitashika maji, kitamganda. Chukua hiki, kinawasha kidogo lakini hakimsaliti."

Akampa na kurudi kwenye lundo lake. Kina mama hao hawakumjua, na wengine walimwona mtu wa ajabu. Mimi nilikuwa nimekaa pale, nikiona kwamba maarifa yake yote alikuwa akiyamwaga mezani kwangu, bure, na kwamba mimi muuzaji nilikuwa nimejifunza kazi yangu kwa mnunuzi.

Neno lake juu ya pamba lilimletea tabu nyumbani. Mkewe alikuwa mtoto wa mkulima wa pamba wa huko Bukene. Mara moja moja walikuja wote sokoni, wakitoka kanisani kwao Moravian, yeye mbele na mama nyuma na kitabu cha nyimbo kwapani, na hawakukosa kugombana.

"Pamba ni nguo ya juani," alisema Mzamiaji. "Kazi yake kunywa jasho. Ukishuka nayo majini, jasho lile lile linageuka barafu."

"Pamba imenisomesha mimi," alisema mkewe. "Imekulipia mahari wewe, maana ng'ombe wako walikuwa wawili na mmoja alichechemea. Leo unaisema vibaya mbele za watu?"

"Siisemi vibaya. Nasema haijui maji."

"Basi kaa kimya. Shikamoo ya wazazi wangu iko humo."

Akakaa kimya. Mkewe ndiye mtu pekee niliyewahi kuona akimnyamazisha.

Hiyo habari ya jasho ndiyo iliyokuwa elimu yake kubwa, na ni elimu ya Tabora, sidhani kama wazamiaji wa nchi za barafu wanaihitaji. Huko kwao mtu anavaa nguo nzito katika baridi na kuingia katika baridi. Hapa kwetu unavaa sufu mbili na mpira juu yake wakati jua limekwisha kuwaka, na usipoangalia unaloa kabla hujaligusa bwawa. Kwa hiyo alivaa kivulini, dakika ya mwisho, pampu ikiwa tayari inanguruma, na hakuruhusu mtu amsemeshe. "Mwenye haraka huvaa jasho," alikuwa akisema. Sufu ikiloa kidogo bado inatunza joto. Pamba ikiloa imekwisha.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa mwezi wa sita. Mabomba yalikuwa yamekauka mjini kwa siku ya pili, watu wakizunguka na madumu. Mimi nilikuwa na homa iliyokuja na kuondoka wiki nzima, na belo nililofungua lilikuwa baya, mashati yenye madoa na suruali zisizo na zipu. Tangu asubuhi nilikuwa nimesimama. Jioni, nikiwa nimeanza kufunga, akaja Mzamiaji mbio mbio. Nondo walikuwa wameila fulana yake ya sufu na suruali yake, akagundua siku ile ile alipoambiwa kwamba kesho lazima ashuke.

"Mama Saida," akasema, "niokoe."

Nilikuwa na nguo moja. Fulana na suruali zimeshonwa pamoja, rangi ya majivu, nzito, laini. Lebo nilikuwa nimekwisha kuikata mchana, na kabla ya kuikata nilikuwa nimeisoma. Ilikuwa pamba.

Akaishika. Akauliza neno moja tu, "Sufu?"

Nikasema, "Sufu."

Hakuna zaidi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Haikuwa tamaa, maana alikuwa mteja wangu na angerudi hata kama ningesema sina. Nilijua kwamba nikisema ni pamba atapiga magoti chini ya meza, atafungua malundo niliyokwisha kuyafunga, atapuliza na kunusa mpaka giza liingie. Nilitaka aondoke. Nilitaka kulala. Mtu asikudanganye kwamba uovu unahitaji moyo mbaya; uchovu unatosha. Naye hakuchomoa uzi, hakuwasha kiberiti. Alikuwa na haraka, lakini zaidi ya hapo alikuwa ameniamini. Alinishukuru mara mbili, akaondoka akiwa ameikumbatia.

Yaliyofuata alinieleza mshika kamba. Asubuhi ile Mzamiaji alivaa kivulini kama kawaida. Pampu ya hewa, iliyokwisha kuwaka, ikazima na kugoma. Wakaihangaikia karibu saa nzima, naye amekaa ndani ya mpira, jua linapanda. Mshika kamba akamwambia avue. Akakataa, kwa sababu kulikuwa na wakubwa wamekuja na gari kutazama kazi. Pampu ilipowaka akashuka.

Alikaa chini saa mbili. Kamba ilitoa mvuto mmoja mmoja, niko salama, niko salama. Alipotolewa alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana, na damu ilikuwa inachirizika kwenye mkono wa kulia. Kipande cha wavu kilikuwa kimeangukia vidole viwili, cha pete na kile kidogo, vikabanwa kati ya chuma na chuma. Hakusikia. Alivichomoa na kuendelea kufanya kazi. Mikono ilikuwa imekwisha kufa ganzi, kwa sababu mwili ukipoa damu huikimbia mikono kwanza. Mshika kamba alisema aliutazama mkono ule akauliza, "Hii damu ya nani?"

Hospitali walivikata vidole viwili. Mji ulipata maji jioni ile ile. Nyumbani kwangu bomba lilikohoa, likatoa matope, kisha likatoa maji safi, na watoto wakashangilia. Nilijaza ndoo nne.

Hakushuka tena. Walimpa kazi ya kutunza vifaa, baadaye akastaafu. Mimi nilijipangia maneno ya kujitetea. Pampu iligoma. Alikataa kuvua suti. Hakuchoma uzi. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililonisaidia usiku. Nilisema nitamwambia akija.

Akaja. Ilikuwa mwezi wa nane, mkono umefungwa bandeji. Akaketi kwenye kigoda changu, akaulizia watoto, akatazama nguo bila kuzigusa. Akakaa muda mrefu kuliko kawaida. "Mama Saida, una neno?" akauliza. Nikasema, "Sina neno, baba, labda pole tu." Akanunua jozi ya soksi ambazo hakuzihitaji, akaenda.

Alikuja tena mwaka uliofuata, mara mbili au tatu. Aliketi pale pale. Nilimpa chai. Nilizungumza sana, kama mtu anavyozungumza akiogopa kimya, juu ya mvua, juu ya bei ya belo, juu ya Saida na mitihani yake. Alisikiliza. Kila mara aliniuliza kama nina neno, na kila mara sikuwa nalo. Mwaka wa tatu alikuja mara moja. Kisha akahamia kwa wakwe zake Bukene, kulima, na meza yangu ikabaki na wateja wanaotazama rangi.

Mwaka huu nimeanza kupeleka mitumba minadani, kwa sababu mjini tumekuwa wengi. Mwezi uliopita nilishuka stesheni ya Bukene na mafurushi mawili. Mnada ulipopoa nikamuuliza mwenye duka mmoja, naye akanielekeza nyumba. Nilipita kwanza. Nikafika mbali, nikarudi.

Alikuwa ameketi juani uani kwake, amevaa sweta, anachambua mbegu. Alikuwa amekonda. Masharubu yalikuwa bado yamechongwa.

"Mama Saida," akasema, bila mshangao. "Karibu kiti."

Nikabaki nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaanza habari za mvua. Nikasema yote kwa mara moja: lebo, homa, lile neno moja. Utetezi wa pampu na wakubwa wenye gari niliuacha nje. Nilipomaliza nilikuwa nalia, na sikuona aibu.

Akaendelea kuchambua. Mbegu nzuri huku, mbovu kule.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Jioni ile ile. Mke wangu alikwenda kuifua ile nguo hospitalini. Aliishika tu ikiwa imeloa. Mtoto wa mkulima wa pamba huwezi kumwambia pamba ni sufu. Alilia. Alisema hata pamba ya kwao imenikata vidole."

"Mbona hukuniambia, baba?"

Akaweka ungo chini. "Nilikuja kwako. Nikakaa. Nilikuja mara ngapi, mama? Nilikuwa nanunua soksi, mimi niliyekwisha toka majini. Nilikuwa nakupa nafasi."

Kuku walikuwa wanakuja kwenye mbegu mbovu, akawafukuza kwa mguu.

"Vidole nilikusamehe zamani," akasema. "Mtu huchoka. Mimi pia nilichoka siku ile, nikashindwa kuwaambia wale wenye gari wasubiri. Vidole havina kesi. Ila kile kiti changu sokoni, na ile chai yako, na mimi nimekaa pale nakungoja. Hiyo sijakusamehe. Nimejaribu. Hata leo umekuja, nimefurahi kukuona, na bado sijakusamehe. Sitaki kukudanganya."

Nikamwambia ndiyo, naelewa. Nikatafuta kanga yangu niondoke.

"Unakwenda wapi? Chakula kimeiva."

Mkewe alitoka na maji ya kunawa. Hakunisalimia, lakini alininawisha, akimimina polepole kama kwa mgeni yeyote. Akaleta ugali, na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa na kuungwa karanga, katika bakuli moja kwa watu watatu. Mzamiaji akaomba dua fupi ya kwao, nami nikasema bismillahi yangu chinichini. Akamega tonge kwa vidole vitatu. Likamponyoka, akalimega tena. Sikujua nitazame wapi. Nilitamani anifukuze, anitukane mbele ya majirani, ningeondoka nikiwa nimelipa kitu.

Akalisogeza bakuli la mboga upande wangu. "Kula, Mama Saida," akasema. "Unapoza chakula."

Nikala.